Mnyororo wa Punda



Wapendwa waamini, juma lililopita hatukuwaandikia kwa kuwa tulikuwa njiani. Wengi wenu mnajua, maana michango yenu ndiyo iliyotia mafuta katika basi. Tuliondoka parokiani alfajiri baada ya Misa, tukapita Nzega, Igunga na Singida, tukalala Dodoma. Kesho yake tukashika njia ya Morogoro na Chalinze, tukafika Msata tukakunja kulia, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama tukauona mji wa Bagamoyo na bahari nyuma yake. Basi lilikuwa na viti 55, na 54 vilikaliwa. Kile kimoja kilichobaki wazi kilikuwa kimelipiwa. Habari zake tutazisema baadaye.

Kabla ya safari tuliulizwa: mbona Bagamoyo? Mbona tusikusanye fedha kidogo kidogo twende Roma au Nchi Takatifu? Swali si baya. Kule Bahari ya Kati ipo miji ya bandari ambayo Mkristo akiikanyaga moyo humdunda: Kaisarea, ambako Mtume Paulo alikaa kifungoni, na Puteoli, aliposhuka chomboni akiwa mfungwa ili apelekwe Roma. Mwenye uwezo na aende. Lakini imani ya kanda yetu ya ziwa inayo njia yake, nayo inajulikana kwa miaka na kwa majina. Mwaka 1868, katika mji wa Algiers, bandari ya Bahari ya Kati, Askofu Mkuu Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Mwaka huohuo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo. Miaka kumi baadaye, Aprili 1878, wamisionari kumi wa Lavigerie walipanda meli huko Marseille, bandari nyingine ya bahari ileile, wakafika Unguja, wakavuka hadi Bagamoyo, wakatafuta wapagazi, na mwezi Juni wakaanza kutembea kuja bara. Mmoja wao, Padre Pascal, alifia Ugogo kabla hata ya kuiona Tabora. Waliosalia waligawanyika, baadhi wakaelekea Ujiji, na wengine wakapanda kaskazini hadi Kageye, kando ya ziwa letu, walikofika mwishoni mwa Desemba. Misioni ya Bukumbi ilifuata mwaka 1883. Sisi tuliobatizwa huku ni watoto wa njia hiyo, na tulikwenda kuuona mlango wake.

Hatutasimulia kila tulichokiona, kwa kuwa picha zimebandikwa ukumbini. Tulisali mbele ya msalaba wa ufuoni. Tuliingia katika kanisa la zamani lililojengwa mwaka 1872, ambalo mnara wake uliupokea mwili wa David Livingstone tarehe 24 Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu miezi mingi kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Livingstone hakuwa Mkatoliki, wala mapadre hawakuuliza. Tulikwenda pia makaburini. Huko seminari tulifundishwa majina ya wamisionari wale, lakini hakuna aliyetuambia umri wao. Ukisoma mawe yale, ukatoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kufa, unapata vijana. Wanakwaya wetu wengi ni wakubwa kuliko wao.

Ndipo tulipofika kwenye mbuyu.

Mbuyu huo umesimama katika kiwanja cha misioni, mkubwa ajabu. Katika gome lake kimechomoza kipande kifupi cha mnyororo wa chuma. Sehemu iliyobaki imemezwa na mti. Mama mmoja wa WAWATA alipokiona alijishika mdomo. Mwingine akapiga magoti. Kabla kijana aliyekuwa akitutembeza hajatamka neno, akina mama kumi hivi walikwisha kuanza kulia, na mwanakwaya mmoja alikuwa ameanzisha wimbo wa Kwaresima. Sisi nasi, hatufichi, tulivua kofia.

Kijana yule alisubiri mpaka wimbo ukaisha. Inaonekana ameshazoea. Kisha akasema kwa upole kwamba mnyororo ule si wa watumwa. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwapo pale misioni mama mmoja aitwaye Madame Chevalier, aliyekuja kusaidia kazi za huduma, naye alikuwa na punda. Mnyororo aliufunga yeye ili punda asitoroke. Punda alikufa, mama akaondoka, mti ukaendelea kunenepa.

Kukawa kimya. Halafu mzee mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka, na hatimaye wote tukacheka, hata wale waliokuwa na machozi mashavuni. Utani huo haukuisha. Kila mtu aliyechelewa kupanda basi aliambiwa afungwe mnyororo wa punda.

Lakini usiku ule usingizi ulitupaa. Tulijiuliza kwa nini machozi yalikuwa mepesi hivyo. Jibu tulilolipata halikutupendeza: tulilia haraka kwa sababu tulidhani mnyororo ule ulifungwa na watu wengine. Tulijua nani wa kulaumiwa kabla ya kuuliza ulikuwa wa nani. Katika masimulizi tuliyolelewa nayo, mtu wa bara yumo upande mmoja tu: amefungwa shingoni, anavutwa, anauzwa. Mwenye kushika ncha nyingine ya mnyororo ni mgeni, ana kanzu au ana kofia ya jua. Masimulizi hayo yana ukweli mkubwa, na asiwepo wa kuupunguza. Ila ukweli wote haumo humo.

Tuanze na jina la mji. Wako wasemao kwamba Bagamoyo ni kilio cha mtumwa anayeubwaga moyo wake ufuoni kwa kuwa harudi tena kwao. Wako wasemao kwamba ni pumzi ya mpagazi aliyefika salama, akautua mzigo na kuutuliza moyo. Sisi tunaelemea upande wa mpagazi. Watumwa walipita Bagamoyo, na kijiji cha waliokombolewa kilichoanzishwa na misioni ni ushahidi wa kutosha. Lakini bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa. Mali kuu ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu, na pembe hizo zililetwa kwa sehemu kubwa na watu huru, wapagazi wa kulipwa, maelfu kwa maelfu kila mwaka, Wanyamwezi na Wasukuma. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mwendo kutoka Tabora ulichukua miezi. Ilikuwa kazi ya heshima. Kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mtu mzima sawasawa. Waliendelea hivyo mpaka reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Basi watu wetu walifika Bagamoyo kwa miguu yao wenyewe, wakiimba, na walirudi na ujira wao. Jambo hilo lilitufurahisha sana, na njiani vijana walilirudiarudia. Swali linalofuata ndilo gumu: ujira ule waliufanyia nini?

Mzee mmoja wa kigango chetu, mwenye miaka zaidi ya 80, ndiye aliyetupa jibu, wala hatukumuuliza. Jioni ya siku ya pili tulikaa naye ufuoni tukitazama majahazi. Akasema kwamba babu yake mzaa baba, alipokuwa kijana, kabla ya reli na kabla Wajerumani hawajatawala, alifika mahali hapa mara tatu. Mara ya mwisho alirudi na majora ya merikani, na alipopita Tabora akatoa sehemu ya nguo hiyo akapewa binti wa miaka minane hivi, aliyeletwa kutoka upande wa Manyema. Binti alikulia katika kaya ile, akaozwa humohumo, akazaa. Wajukuu na vitukuu vyake wamo katika parokia yetu, wanasoma masomo Misani, wanakusanya sadaka. Na hadi leo, akasema mzee, posa inapojadiliwa na upande wa pili wakaanza kuuliza uzao, yupo anayeinama sikioni mwa mwenzake na kumwambia, hao ni wa yule wa kununuliwa.

"Baba Paroko," akasema, "ule wa punda tumeulilia. Wa bibi yule nani aliwahi kuulilia?"

Hatukumjibu. Tulikaa naye mpaka giza likaingia.

Wanahistoria wanajua habari hizi kwa muda mrefu, sisi tu ndio tusiozihubiri. Katika karne ya 19 watemi wa Unyamwezi waliuza mateka wa vita, na kaya zenye uwezo zilinunua watu wa kulima mashamba wakati vijana wao wakiwa safarini. Huku kwetu ziwani, Kageye palepale walipotua wamisionari wetu, palikuwa na kituo cha mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro, na katika miaka ya 1870 pembe na watu walivushwa kwa vyombo kuletwa hapo kabla ya kuanza safari ya kusini. Mgeni wa pwani asingeweza kununua mtu bara bila mwenyeji wa kumuuzia.

Njiani kurudi, mtu mmoja alianza kusema maneno mabaya juu ya Waislamu wa Bagamoyo, kana kwamba kila mwenye kofia aliyepita barabarani alikuwa na pingu mfukoni. Tulimzuia. Wenyeji wale walitupokea vizuri, na kati ya viongozi wa dini walioheshimiwa kuliko wote katika mji huo alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria, aliyefariki mwaka 1931. Yeye mwenyewe aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtumwa, akiwa mtoto. Aliyekuja kama bidhaa alimaliza maisha yake akiwa mwalimu wa mji.

Wala Kanisa lisijitoe. Tunajivunia, na kwa haki, kwamba mapadre wa Bagamoyo walitoa fedha kuwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa. Lakini Padre Paul Kollman, mwanahistoria aliyetoa kitabu juu yao mwaka 2005, ameonyesha kwamba waliokombolewa waliwekwa chini ya ratiba kali ya sala na shamba, wakapangiwa kazi na makazi, na kwamba baadhi yao walinung'unika na wengine walitoroka. Hatuwahukumu wamisionari wale. Makaburi yao tumeyaona. Tunachosema ni kwamba hata mkono uliofungua pingu uliweza kusahau kuuliza mtu aliyefunguliwa anataka nini. Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika kisiwa cha Gorée, Senegal, Februari 1992, aliomba msamaha kwa dhambi za Wakristo katika biashara ya watumwa. Yeye ni Mpoland, na taifa lake halikuwa na meli za watumwa. Aliomba hata hivyo.

Siku ya mwisho, kabla ya kuondoka, tulisoma ufuoni sura ya 18 ya Kitabu cha Ufunuo. Tunawaomba muisome nyumbani, polepole. Mji mkuu wa biashara umeanguka, na Mtakatifu Yohane anataja shehena zake moja baada ya nyingine. Orodha inaanza na dhahabu. Katikati vimo vyombo vya pembe za ndovu. Inapita kwenye manukato, divai, mafuta, unga, ng'ombe na kondoo, na mwisho kabisa, kana kwamba ni bidhaa iliyokuwa chini ya shehena nyingine zote, inataja miili na roho za wanadamu. Nabii Ezekieli, sura ya 27, alikwisha kuandika orodha kama hiyo juu ya Tiro, bandari ya Bahari ya Kati. Humo nako pembe zimo na watu wamo. Wafanyabiashara wa Ufunuo wanalia, na Yohane anatuambia sababu: hakuna tena wa kununua mali yao. Mtu aliyekuwa chini ya shehena hawamlilii.

Dhahabu mwanzoni, watu mwishoni. Tulipomaliza kusoma, watu wa Geita walitazamana.

Maana sisi ndio watu wa dhahabu. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001. Soko la madini la Geita likazinduliwa mwaka 2019. Kandokando ya migodi hiyo yako maelfu ya maduara ya wachimbaji wadogo, na humo wamo baba na kaka zenu, na baadhi yenu mnaosoma hapa. Hatuilaani dhahabu. Bati la kanisa letu limetoka huko, na ada za watoto wengi zimetoka huko. Kuchimba ni kazi halali na ya hatari, na mara nyingi tumewazika waliofunikwa na kifusi.

Lakini chini ya shehena yetu kuna nini?

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu zaidi ya 70 wenye ualbino waliouawa nchini kuanzia mwaka 2000 hadi 2015, wengi wao katika kanda hii ya ziwa. Viungo vyao vilitakiwa kwa ajili ya bahati: bahati ya biashara, ya uvuvi, ya uchaguzi, na bahati ya duara. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa kiume mwenye ualbino wilayani Bukombe, na hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo Tanzania. Shule ya Buhangija mjini Shinyanga iligeuka kuwa mahali pa kuwahifadhi watoto wasioweza kulala kwao. Februari 2015, wilayani Chato, mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, na mwili wake ukakutwa umekatwa viungo. Tunakumbuka pia bibi zetu waliouawa kwa mapanga katika vijiji vya Usukuma kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jiko walilotupikia sisi.

Na mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino aliibwa na kuuawa. Miongoni mwa watu tisa waliofikishwa mahakamani walikuwamo baba yake mzazi na padre. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama kusema. Ila siku tulipoisoma habari ile tulikuwa tumevaa kanzu, tukijiandaa kwa Misa ya jioni, na tulishindwa kutoka sakristia kwa muda.

Huo ni uuzaji wa watu, na hauhitaji jahazi. Bei inapangwa huku, mnunuzi yuko huku, na mara kadhaa anayeonyesha njia usiku ni jirani au ndugu. Mgeni hayumo kabisa.

Mtasema: sisi hatukuua. Ni kweli, na twamshukuru Mungu. Lakini tuseme kweli juu ya desturi iliyoko kati yetu. Duara jipya linapofunguliwa, mganga huitwa kwanza, naye hupiga ramli na kuagiza. Serikali ilipiga marufuku kazi hiyo ya ramli mwaka 2009, na tena mwaka 2015. Bado inafanyika, na kila mtu anajua nyumba. Mawe yakitoka yana dhahabu, mwenye duara huja parokiani na bahasha ya shukrani, huandikisha Misa, na huomba padre aende kubariki. Na padre huenda. Tulikwenda sisi. Tulinyunyizia maji ya baraka mdomo wa shimo mmoja, mahali ambapo, kama tulivyokuja kuambiwa baadaye, mganga alikuwa ametangulia siku mbili. Hatukuuliza aliagiza nini. Mbuzi mweusi, huenda. Kwa kawaida ni mbuzi. Hatukuuliza kwa sababu bahasha ilikuwa nene na bati lilikuwa halijatosha. Kosa hilo ni letu, na tumelisema mbele ya Halmashauri ya Walei kabla ya kuliandika hapa.

Yapo mengine madogo yanayoishi chini ya shehena ileile. Wavulana wanaoacha darasa la sita kwenda kubeba mawe kwenye karasha, na kukamata zebaki kwa mikono mitupu. Mabinti wanaoletwa kutoka mikoa mingine kwa ahadi ya kazi za ndani, na wiki mbili baadaye wako baa za machimboni. Mtakatifu Josefina Bakhita, aliyeuzwa na kuuzwa tena huko Sudani, tunamwadhimisha kila tarehe 8 Februari, na tangu mwaka 2015 siku hiyo ni ya sala ya ulimwengu mzima dhidi ya usafirishaji haramu wa watu. Katika parokia yetu mwaka huu walikuja watu 11.

Basi tumependekeza, na Halmashauri imekubali kwa kura chache za ziada, kwamba padre hatakwenda tena kubariki duara mpaka mwenye duara na wenzake wasimame mbele ya Jumuiya yao ndogo ndogo na kusema wazi kama wameita mganga, na aliwaagiza nini. Aliyeita mganga hatafukuzwa Kanisani; atafundishwa, naye ataitikia au ataondoka kwa hiari yake. Shukrani yake haitapokelewa kabla ya hapo. Wajumbe waliopinga walisema tutapoteza zaka nyingi. Wamesema kweli, tutapoteza. Mmoja alisema watu watahamia makanisa mengine yasiyouliza maswali. Hilo nalo linaweza kutokea. Sisi tunaona afadhali bati lisubiri. Na ule mnong'ono wa posa, juu ya uzao wa yule bibi, mzee wetu ameomba ausemee mwenyewe, siku ya Marehemu Wote, mbele ya ukoo mzima. Tumempa nafasi baada ya Komunyo.

Sasa kile kiti. Kililipiwa na Jumuiya kwa ajili ya binti wa miaka 12 anayejiandaa kwa Kipaimara. Ni msomaji mzuri, na alitamani sana kuona bahari. Ana ualbino. Jioni ya kuamkia safari mama yake alikuja ofisini, akakaa, akatoa leso. Akatuuliza, katika watu wote wa basi, sisi tunawajua vizuri wangapi. Tulihesabu, tukasema labda 30. Akauliza Dodoma tutalala wapi, milango inafungwaje, na nani atalala karibu na mlango. Tukamwambia tutalinda wenyewe, padre atalala mlangoni.

"Na yule wa Kagera je, Baba?" akauliza.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza bei. Tukanyamaza, naye akaaga kwa heshima, akaenda nyumbani kwa mtoto wake.

Hija ijayo haitakuwa ya mbali. Tutakwenda Bukumbi na Kageye, ambako wengi wetu hatujawahi kufika ingawa ni jirani, na tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 hakuna tena haja ya kungoja kivuko. Tutaondoka asubuhi na kurudi jioni ileile; hakuna atakayelala nje ya nyumba yake. Jina la binti tumeliandika la kwanza katika orodha, na mama tumempelekea majina ya wasafiri wote ili ayasome, na amfute yeyote asiyemtaka, tukiwamo sisi. Karatasi bado iko kwake.